Dungu la Mwalimu

Mtoto anayelelewa kandokando ya Mto Tana hujifunza kulinda kabla hajajifunza kusoma. Mpunga unapoanza kukomaa ndege hushuka kwa makundi, na familia isiyo na mlinzi huvuna makapi. Kwa hiyo hujengwa dungu: nguzo nne zilizosimikwa ardhini, kitanda cha fito juu yake, na paa dogo la kuzuia jua. Juu ya kitanda hicho huketi mwenye kuamia, akiwa na kombeo, madonge ya udongo mkavu na koo lake. Mara nyingine hutandazwa kamba kutoka dunguni hadi kwenye pembe za konde, zikafungwa makopo matupu. Kamba moja ikivutwa, konde zima hulia. Jua likichwa, ndege huenda kulala na viboko hutoka mtoni, na hapo kombeo huwekwa chini, ukashikwa mwenge na debe. Kiswahili kimeipa kazi hiyo kitenzi chake mahususi, kuamia, ambacho si sawa kabisa na kulinda wala kutazama. Anayetazama huona. Anayeamia huona akapaza sauti, na sauti hiyo ndiyo inayookoa mpunga.

Yupo mwalimu mmoja mstaafu, mkazi wa pembezoni mwa mji wa Garsen, aliyeamia ndege tangu akiwa na umri wa miaka saba hadi alipokwenda shule ya bweni. Baadaye alifundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini katika shule mbalimbali za Tana River. Kila alipofika kwenye Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, aliwakumbusha wanafunzi wake kwamba shujaa huyo hakuwa mgeni kwao, kwani mapokeo yanasema alizikwa karibu na Kipini, pale Tana inapoingia baharini. Lakini walinzi waliomo katika kisa hicho walimvutia Mwalimu kuliko shujaa mwenyewe. Wapo walinzi wa gereza waliosikia shangwe za gungu zikirindima, wasisikie tupa iliyokuwa ikikata minyororo ndani. Yupo Liyongo mwenyewe, aliyepiga goti kisimani na mshale upindeni hali amekwisha kufa, na mji mzima ukaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa ukidhani anautazama. Na yupo mwana aliyemuua baba yake, ambaye hakuhitaji kuruka ua wowote kwa kuwa alikuwa mtu wa ndani. Mwalimu hakujua kwamba mambo hayo yangemrudia uzeeni, tena kwa njia ya waya na tarakilishi.

Chanzo kilikuwa pampu ya kuvutia maji. Mwalimu ana shamba la miembe na migomba kandokando ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na kila jioni pampu hiyo ilirudishwa nyumbani ikafungiwa bandani. Usiku mmoja wa kiza mwanzoni mwa mwaka 2022 kufuli ilivunjwa, na kulipopambazuka banda lilikuwa tupu. Majirani walifuata nyayo. Zilipita nyuma ya jiko, zikakata uani, zikafika kwenye ua wa michongoma unaotenganisha boma la Mwalimu na la jirani yake mfugaji. Hapo mbuzi walikuwa wamekwisha kupita alfajiri, na nyayo zikapotea. Maneno hayakupotea.

Msomaji asiyeijua delta ya Tana huenda akashangaa ni vipi pampu moja iweze kuwatia watu hofu. Katika delta hiyo watu huyaishi maji yale yale kwa njia mbili. Wapokomo, ambao Mwalimu ni mmoja wao, hulima kingoni mwa mto. Waorma na Wardei hufuga, na wakati wa kiangazi huhitaji malka, yaani njia za kuifikisha mifugo mtoni. Kwa vizazi vingi wamegombana na kupatana, wamebadilishana maziwa na nafaka, wameuziana na kukopeshana. Lakini Agosti 22, 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa kwa asubuhi moja. Septemba 10 mauaji yakafika Kilelengwani, ambako maafisa wa polisi pia walikuwa miongoni mwa waliokufa, na mwezi Desemba yakafika Kipao. Jumla ya waliouawa katika miezi hiyo ilipita 100. Mwalimu anakumbuka neno moja la wakati ule: wameonekana. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeonekana, wala alikuwa akifanya nini. Neno hilo peke yake lilitosha kuwafanya wanawake wafunge virago usiku.

Kwa hiyo, jamaa walipoanza kusema kwamba nyayo zilielekea "upande ule", Mwalimu alitamani kitu kimoja tu, nacho ni hakika. Alitaka kujua, badala ya kuambiwa.

Mwanawe anayefanya kazi Nairobi alijitolea kumnunulia kamera za aina inayotuma picha ng'ambo kupitia intaneti. Mpwa wake, fundi wa tarakilishi huko Malindi, akapinga.

"Mjomba, hizo utauziwa kwa bei nafuu, kisha utatozwa ada kila mwezi ya kuwekewa picha zako mwenyewe," alisema kijana. "Na intaneti ya huku ikikatika, huna kitu. Sisi tutaziweka hapa hapa nyumbani, kwenye seva."

"Seva ndiyo nini?"

"Ni kompyuta inayozitumikia nyingine."

"Basi ni tarakilishi, na jina lake ni Mtumishi," alisema Mwalimu, naye mpwa hakuthubutu kubishana na mtu aliyemfundisha irabu.

Mtumishi alifika kutoka Mombasa ndani ya basi, amefungwa kwa gunia. Alikuwa tarakilishi kuukuu ya ofisini, kubwa kama sanduku la nguo, iliyonunuliwa kwa bei isiyofikia ya mbuzi wawili. Pamoja naye zilikuja kamera tatu, diski ya terabaiti 1, na swichi ya mtandao ya aina inayopitisha umeme na picha katika waya mmoja. Swichi hiyo ndiyo iliyopunguza gharama, kwa kuwa haikuhitajika kupeleka nyaya za umeme kila penye kamera. Sharti lake ni kwamba waya usizidi mita 100, na boma la Mwalimu halina urefu huo.

Kanuni yenyewe si ngumu. Kila kamera ya mtandao ni tarakilishi ndogo yenye anwani yake. Huona, huzibana picha ili zichukue nafasi ndogo, kisha huzituma kwa waya. Seva huzipokea, huziandika diskini pamoja na saa na tarehe, na diski ikijaa hufuta za kale ili kupisha mpya. Kamera hizo tatu zilitoka viwanda vitatu tofauti, lakini zote zilifuata utaratibu uitwao ONVIF, uliobuniwa mwaka 2008 ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali vielewane. Mwalimu aliposikia hivyo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kumbe hata kamera zilihitaji lugha ya mawasiliano mapana.

Programu waliyoitumia haikuwagharimu senti. Inaitwa ZoneMinder, hutumika juu ya mfumo wa Linux, na asili yake ni mwaka 2002, pale Philip Coombes alipoibiwa zana za umeme katika gereji yake. Baada ya kufunga king'ora aligundua kwamba alichojitengenezea ni chombo cha kumjulisha, akisharudi nyumbani, kwamba ameibiwa. Mpwa alikisimulia kisa hicho kama mzaha, na Mwalimu alicheka. Alicheka pia aliposikia kwamba kamera iliyotangulia zote hizi, ya Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1991, iliwekwa kulinda birika la kahawa, ili watafiti wasipande ngazi bure na kulikuta tupu.

Hesabu waliifanya kwenye daftari. Kila kamera ilipangiwa kutuma megabiti 2 kwa sekunde, ambayo ni robo ya megabaiti. Kwa saa moja hiyo ni megabaiti 900, na kwa siku ni gigabaiti 21.6. Kamera tatu zinafanya takriban gigabaiti 65 kwa siku. Diski ya terabaiti 1, yaani gigabaiti 1,000, ingehifadhi siku 15. "Kumbukumbu ya nusu mwezi," alisema Mwalimu. "Wazee wengine hatunayo."

Umeme uliwapa somo la kwanza. Mtumishi alikula wati 65, na kamera pamoja na swichi zilikula wati 20. Betri waliyonayo, ya volti 12 na ampea-saa 100, haifai kumalizwa zaidi ya nusu, kwa hiyo iliweza kutoa wati-saa 600 tu. Gawanya kwa 85, unapata saa saba. Umeme wa mji ulipokatika saa moja ya jioni, Mtumishi alizimika kabla ya saa nane za usiku, yaani alilala usingizi wakati ule hasa ambao wezi huamka. Ilibidi auzwe, ikanunuliwa tarakilishi nyingine kuukuu, ndogo kama Biblia, inayokula wati 15. Betri ile ile sasa ilitosha takriban saa kumi na saba. Aliye na fedha kidogo asinunue tarakilishi kubwa kwa kuwa ni ya bei rahisi, kwani gharama yake hulipwa usiku.

Somo la pili lilitoka kwa wadudu. Programu iliwekwa itoe ishara kila kitu kinaposogea, na usiku wa kwanza ilitoa ishara zaidi ya mia nne. Mwalimu alikesha akizitazama moja moja. Zilikuwa nondo waliomulikwa na taa ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Zilikuwa nyuzi za buibui zilizotandwa mbele ya kioo na kutikiswa na upepo, na mjusi mmoja aliyefanya kamera ya pili kuwa baraza yake ya kuwindia. Kufika alfajiri Mwalimu alikuwa haoni tena kitu. Aliwakumbuka walinzi wa Liyongo. Hawakuwa viziwi, wala hawakulala; ila kelele ziliwazidi, na ndani ya kelele hizo kukawa na sauti moja ndogo iliyofaa kusikika. Dawa ilikuwa kuzima taa za ndani ya kamera, kufunga taa nyingine mbali nazo ili nondo waende huko, kufuta utando kila Jumamosi, na kuichorea programu mipaka: hapa tazama, hapa usijali.

Somo la tatu lilihusu mlango wa Mtumishi mwenyewe. Mpwa alibadilisha nywila zote walizokuja nazo vifaa kutoka kiwandani. Alieleza kwamba mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera za majumbani duniani kote kwa kujaribu tu nywila hizo za kiwandani, na kuzigeuza jeshi la kushambulia mitandao, ambalo mnamo Oktoba 21 mwaka huo lilifanya tovuti nyingi mashuhuri zisifikike kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakuwa na habari. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ni ile ile uliyoinunua ikusitiri. Kwa sababu hiyo kamera zilizuiwa zisiufikie mtandao wa nje, na mtoto wa Nairobi akapewa njia moja tu ya siri, yenye ufunguo, ya kumfikia Mtumishi kwa simu yake. Kitu kikisogea langoni, simu ingelia na kumwonyesha picha moja tuli.

Mpaka hapo kila mtu aliridhika. Kamera ya kwanza ilitazama banda, ya pili lango, na ya tatu ua wa michongoma, kule nyayo zilikopotelea.

Mwezi wa nne baadaye, saa nane na dakika kumi za usiku, simu ililia Nairobi. Picha ilionyesha mtu mrefu mwenye shuka, tochi mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeshika komeo la lango la Mwalimu. Kijana alimtambua. Alimpigia baba yake, lakini simu ya mzee ilikuwa imezimwa. Alimpigia mama, nayo ikaita ndani ya mkoba sebuleni. Akampigia binamu yake mjini, binamu akampigia mwenziwe, na picha ikatumwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ila hawakusema kwamba fimbo ya mbali, ikirushwa kizani, inaweza kumpiga mtu.

Mwalimu aliamshwa alfajiri na vijana saba waliosimama uani, wawili wao wakiwa na mapanga waliyosema ni ya kukatia kuni. Walimwonyesha picha. Mmoja alisema lile neno: "Ameonekana."

Mzee aliwaomba waketi. Akaenda kwa Mtumishi, akairudisha saa, na wote wakakusanyika mbele ya kioo. Mkanda mzima ulikuwa wa dakika nne. Mbuzi mmoja alipita mbele ya lango, akaingia ndani, maana lango lilikuwa limesahauliwa wazi. Baada yake alitokea jirani mwenye tochi, akamwita mbuzi wake kwa mluzi, akamshika pembe na kumtoa. Kisha akageuka. Alilivuta lango, akalifunga kwa komeo, akalitikisa kuhakikisha, akamulika bandani mara moja, akaenda zake. Picha iliyofika Nairobi ilinaswa pale mkono ulipokuwa komeoni. Picha moja haiwezi kutofautisha kufunga na kufungua. Mtu anayefunga lango na anayelifungua hushika komeo lile lile, kwa mkono ule ule. Ni mkanda mzima tu unaojua tofauti, kwa kuwa unajua kilichotangulia na kilichofuata.

Vijana walitawanyika bila kuaga vizuri. Ni wazi kwamba Mtumishi, pamoja na kumbukumbu yake ya siku 15, alimwokoa mtu asubuhi hiyo. Ni wazi vilevile kwamba yeye ndiye aliyemtia hatarini. Lau asingekuwapo, jirani angefunga lango la mwenzake usiku wa manane, na jambo hilo jema lisingejulikana na yeyote, wala lisingehitaji ushahidi.

Mwalimu hakungoja jua lipande. Alikwenda kwa jirani, akabisha hodi.

"Salaam aleikum, mzee mwenzangu."

"Aleikum salaam, Mwalimu. Karibu ndani, chai i motoni."

Alimweleza yote bila kuficha, hata mapanga. Kisha akamwomba waende pamoja akajionee mwenyewe. Mfugaji alikaa mbele ya kioo, akatazama dakika zile nne bila kusema neno, akaomba zirudiwe. Zilipokwisha mara ya pili aliuliza swali ambalo Mwalimu hakuwa amelitazamia.

"Haya, usiku huu wa jana nimekwisha kujiona. Na hizo siku nyingine kumi na nne, Mwalimu, waniona nikifanya nini?"

Mwalimu alikosa jibu, kwa sababu alikuwa nalo. Kamera ya tatu ilitazama michongoma, lakini juu ya michongoma ilionekana nusu ya boma la pili na mlango wake. Kwa miezi minne, bila kukusudia, alikuwa amejua saa anayotoka binti wa jirani kwenda kisimani, wageni waliolala na walioondoka kabla ya mapambazuko, siku mama mwenye nyumba alipougua, na siku wanaume wawili walipokuja wakazozana naye kuhusu mifugo. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa wizi. Yote yalikuwa maisha ya watu. Na katika eneo ambalo habari za nani alilala kwa nani, na aliondoka saa ngapi, ziliwahi kuwa na uzito wa damu, mzee mmoja alikuwa ameyarundika ndani ya kisanduku kilicho kidogo kama Biblia.

Sheria nayo ina neno juu ya jambo hili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiyagusi matumizi ya mtu binafsi au ya nyumbani pekee, na mwenye kamera anaweza kudhani hapo amesalimika. Lakini nyumbani huishia wapi? Huko Cheki, František Ryneš alifunga kamera kwake baada ya madirisha yake kuvunjwa mara kadhaa. Picha zikasaidia kupatikana kwa washukiwa wawili, na mmoja wao akahoji uhalali wa kamera iliyorekodi pia njia ya umma na mlango wa nyumba ya mkabala. Mnamo Desemba 11, 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera inayovuka mpaka wa nyumba na kurekodi mahali pa umma si jambo la nyumbani tu, hata kama mwenyewe anayo sababu ya haki ya kujilinda. Hukumu hiyo haiwabani watu wa Garsen. Hata hivyo, swali lake ni lile lile la mfugaji.

Mwalimu aliyafanya mambo mawili siku hiyo. Kwanza, mbele ya jirani yake, alifuta siku zote 15 za kamera ya tatu. Pili, alimpigia simu mpwa wake, ambaye alikuja Jumamosi akaishusha kamera hiyo hadi ikatazama mgongo wa banda, akaichorea Mtumishi kizuizi cheusi juu ya kila kitu kilicho ng'ambo ya michongoma. Jirani aliombwa asimame kwenye mlango wake huku kioo kikitazamwa. Hakuonekana. Aliombwa apunge mkono. Hakuonekana. Alicheka kwa sauti kutoka ng'ambo, akauliza kama sasa amekuwa jini.

Jambo la tatu lilikuwa wazo la mfugaji mwenyewe. Alipokuwa akinywa chai barazani kwa Mwalimu alisema, "Jicho lako hili, Mwalimu, laona vizuri, lakini halina sauti. Limemwamsha mtoto Nairobi, mimi niliye hatua hamsini limeniacha nilale. Mwivi akija, nani atatoka? Yule au mimi?"

Mwalimu alinyamaza kwa muda. Aliyasikia yale makopo yaliyofungwa kambani, akaona haya kwamba mtu asiyelima mpunga ndiye aliyemkumbusha maana ya kuamia. Alikuwa amejenga dungu la ajabu, lenye macho matatu na kumbukumbu ya nusu mwezi, ila alisahau kumpandisha juu yake mtu mwenye koo. Mpwa alinunua kengele mbili za umeme na taa mbili. Moja ya kila aina ilifungwa kwa Mwalimu, nyingine zikapelekwa kwa waya hadi kwa jirani, kwa ridhaa yake. Mtu akikaribia banda usiku, maboma yote mawili huamka kwa pamoja. Picha ya kwenda Nairobi iliondolewa. Kijana alinung'unika, kisha akakubali kwamba anachohitaji ni simu ya asubuhi ya kumjulisha kwamba wazazi wameamka salama.

Mwisho wa mwaka 2023 mvua kubwa ziliifurisha Tana. Barabara ya kwenda Lamu ilikatika, na maji yakaingia katika vitongoji vingi vya delta. Kabla hayajafika kwake, Mwalimu alisimika nguzo nne ndani ya sebule, akatandika fito, akampandisha Mtumishi juu pamoja na betri. Maji yalipoingia yaliishia chini ya kitanda hicho cha fito. Familia zote mbili zilihamia mahali pa mwinuko pamoja na mbuzi, na waliporudi walikuta tope kila mahali, mjusi mmoja ukutani, na Mtumishi mkavu. Dungu hilo la sebuleni halijaondolewa hadi leo. Wageni hudhani ni kabati ambalo halijamalizwa.

Pampu haikupatikana, wala mwizi hakujulikana. Huenda ndiyo sababu Mwalimu hasemi kwamba kamera zimemsaidia au hazikumsaidia. Akiulizwa, huanza kueleza kuhusu wati na nondo. Kengele bado hulia mara moja moja, na mara nyingi ni mbuzi, au mbwa wa watu, au tawi lililoanguka. Wazee wawili hutoka na tochi zao, kila mmoja upande wake wa michongoma, wakamulika huku na huku.

"Ni wewe?" huuliza mmoja.

"Ni mimi. Kwako salama?"

"Salama. Lango lako nimelitazama, limefungwa."